Kuvuta maji ni rahisi, kuyazuia ndiyo kazi

Kuna ukavu wa ngozi ambao ukipaka losheni asubuhi umeusahau mpaka kesho yake. Wangu si huo. Wangu ni ule ambao losheni ikishapakwa, muda si mrefu mguu umerudi kupauka kana kwamba hujaugusa, na ukipitisha ukucha kwenye muundi unabaki mstari mweupe unaoweza kuandikia jina. Ukiusogeza mguu karibu na dirisha ukautazama vizuri, utaona ngozi imegawanyika vipande vidogo vya pembepembe kama tope la dimbwi lililokauka, na kingo za kila kipande zimejikunja juu kidogo. Kingo hizo ndizo zinazonasa kwenye soksi. Ndizo pia zinazowasha usiku.

Nimeishi na ngozi hii tangu utotoni, na kwa miaka mingi sasa naitunza kwa viambato vya kuongeza unyevu: glisarini, yurea, asidi ya hayaluroniki, panthenoli, seramidi na jamaa zao. Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyekubaliana nao asipoteze muda: hakuna kiambato kimoja kinachotosha, hata kisifiwe vipi. Kinachofanya kazi ni mpangilio, yaani maji kwanza, halafu cha kuyashika, halafu cha kuyazuia yasitoke, na yote hayo ndani ya dakika chache. Viwili vilivyonifaa kuliko vyote ni vya zamani sana, havina harufu ya kuvutia wala chupa ya kupendeza.

Daktari wa ngozi niliyemwendea nikiwa mtu mzima hakuanza na miguu, ingawa nilikuwa nimeshakunja suruali kumwonyesha. Alinishika mkono, akakigeuza kiganja juu, akakisogeza kwenye taa. Mistari ya viganja vyangu ni mingi na imezama. Hata lile tuta la chini ya kidole gumba limejaa vistari vilivyokatana. Akauliza kama kwetu kuna watu wenye pumu, au pumu ya ngozi. Wapo. "Basi ngozi yako imezaliwa na upungufu," akaniambia. "Usingoje ipone. Itunze." Maneno hayo yangeweza kumvunja mtu moyo, lakini mimi yalinipumzisha. Niliacha kutafuta dawa ya kumaliza.

Upungufu aliousema unahusu protini iitwayo filagrini. Tabaka la juu kabisa la ngozi ni seli zilizokwisha kufa, bapa, zilizopandana moja juu ya nyingine. Sehemu nyingi za mwili tabaka hilo lina unene wa mikromita 10 hadi 20 tu, jembamba kuliko karatasi ya daftari. Ndani ya seli hizo filagrini huvunjwavunjwa ikawa asidi amino na vitu vingine vyenye tabia ya kushika maji, na pamoja na yurea na laktati ndivyo vinavyoifanya ngozi ikunjike bila kupasuka. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kuwa hitilafu kwenye jeni ya filagrini ndiyo inayoleta ule ugonjwa wa kurithi wa ngozi yenye magamba, na kwamba hitilafu hizo hizo humweka mtu katika hatari kubwa zaidi ya kupata pumu ya ngozi. Huo ni upande wa kushika maji. Upande wa pili ni mafuta yaliyojaa katikati ya seli: seramidi, ambazo kwa uzito ni karibu nusu yake, pamoja na kolesteroli na asidi za mafuta. Kazi ya mafuta hayo ni kuzuia maji yasipande juu na kutoweka kama mvuke, jambo linalotokea saa zote hata kama hutoki jasho.

Kwa hiyo ngozi kavu sana ina matatizo mawili, si moja. Haina akiba ya kutosha, na hata akiba ndogo iliyopo inavuja. Nikiisoma losheni yoyote leo najiuliza inashughulikia lipi kati ya hayo. Nyingi zile nyepesi, za kunyunyiza au za maji maji, hushughulikia la kwanza na kuliacha la pili wazi, ndiyo maana raha yake haidumu.

Tulianzia bafuni. Daktari aliniuliza maji ninayooga yana moto kiasi gani, naoga muda gani, natumia sabuni gani na naisugulia na nini. Maji ya moto yanapendeza hasa ngozi inapowasha, kwa sababu kwa dakika chache muwasho unakata, lakini yanaondoka na yale mafuta ya katikati ya seli. Sabuni ya kawaida nayo ina pH (kipimo cha uasidi, ambacho kikipita 7 si asidi tena) ya kama 9 hadi 10, wakati uso wa ngozi ni wenye asidi kidogo, kama 4.5 hadi 5.5. Sasa naoga maji ya uvuguvugu, dakika 5 hadi 10, na ninachotumia ni kipande cha kuogea kilichotengenezwa kwa visafishaji laini badala ya sabuni halisi. Kinafika makwapani, kwenye nyayo, sehemu za siri na popote palipochafuka kweli. Miguu na mikono inapata maji tu. Dodoki niliachana nalo kabisa. Linaondoa magamba vizuri sana, ngozi inang'aa jioni hiyo, na kesho yake asubuhi magamba yamerudi yakiwa makali zaidi.

Halafu kuna suala la muda baada ya kuoga, na hapa naomba nikae kidogo, maana watu wengi hupita haraka. Wataalamu wa ngozi hupenda kutaja dakika tatu, yaani ndani yake uwe umeshapaka krimu. Ukitoka kwenye maji, tabaka la juu limefyonza na limevimba kidogo. Ukiliacha wazi, maji hayo yanavukia hewani na ngozi inabaki inavuta, ile hali ya kuhisi kama uso umekuwa mdogo kuliko kichwa. Sikuamini kwamba dakika chache zingeleta tofauti mpaka nilipojipima mwenyewe. Mguu wa kulia niliupaka papo hapo bafuni, bado una matone. Wa kushoto niliupaka krimu hiyo hiyo, kiasi hicho hicho, baada ya kujikausha vizuri, kuvaa na kuzunguka zunguka chumbani. Jioni nilipovua soksi, wa kulia ulikuwa laini na magamba yake yamelala; wa kushoto umepauka kuanzia kifundo hadi chini ya goti. Tangu hapo kopo langu la krimu linakaa bafuni, si mezani. Taulo nalitumia kwa kujigusisha, sijifuti.

Sasa viambato vyenyewe.

Glisarini ndiyo niiitayo mzee wa kazi. Mwanakemia wa Uswidi, Carl Wilhelm Scheele, aliipata mwaka 1779 alipokuwa akichemsha mafuta ya zeituni na oksidi ya risasi, na mpaka leo ukigeuza chupa za losheni nyingi utaikuta inafuata maji moja kwa moja kwenye orodha. Ni kimiminika kizito, kitamu, kisicho na rangi, kinachovuta maji kutoka popote kinapoyapata. Kinachonifanya niiheshimu ni kwamba ngozi yenyewe inaitumia. Kuna protini kwenye seli za ngozi, akwaporini-3, inayopitisha maji na glisarini kwa pamoja. (Kugunduliwa kwa familia hiyo ya protini kulimpatia Peter Agre sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003.) Panya waliofanywa wazaliwe bila akwaporini-3 walikuwa na ngozi kavu, na watafiti walipowapa glisarini ngozi hiyo ikarudi kushika maji. Siyo kitu kigeni kwa mwili, basi.

Ila glisarini tupu haipakwi hivyo hivyo. Ukiweka tone lake kati ya kidole gumba na cha shahada ukavitenganisha taratibu, unaona uzi mwembamba unavutika kabla ya kukatika. Ndivyo nguo zako zitakavyoganda mwilini siku nzima, na vumbi juu yake. Pia ikiwa nzito mno kwenye ngozi iliyopasuka inachoma. Namna yangu ni matone machache kwenye kiganja kilichojaa maji, napaka mwili ukiwa umelowa, kisha kizuizi juu. Sichanganyi chupa nzima ya glisarini na maji nikaiweka wiki kadhaa, kwa sababu mchanganyiko wenye maji mengi usio na kihifadhi ni makazi mazuri ya bakteria na ukungu. Nachanganya cha kutumia hapo hapo.

Asidi ya hayaluroniki ina jina kubwa zaidi, na mimi naipa nafasi ndogo zaidi. Ilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1934 na Karl Meyer na John Palmer kutoka kwenye ute wa ndani ya jicho la ng'ombe, na ni kweli mwilini mwetu imejaa, kwenye viungo, machoni na kwenye ngozi. Lakini ile inayopakwa kwa juu ni habari nyingine. Molekuli zake za kawaida ni kubwa mno kupenya. Zinakaa juu na kufanya utando wenye unyevu. Utando huo una faida, unailainisha ngozi na kufifisha mikunjo midogo kwa muda. Matangazo yanapenda kusema inashika maji mara 1,000 ya uzito wake. Swali langu kwa matangazo hayo ni moja: maji hayo yanatoka wapi? Nikiipaka usoni pakiwa na maji ya kutosha na nikaifunika kwa krimu, uso unapendeza. Nikiipaka peke yake nikaingia kwenye chumba chenye kiyoyozi, ndani ya saa moja utando umekauka na uso unavuta kuliko kabla. Mtu mwenye ngozi ya kawaida anayeishi kwenye hewa yenye unyevu huenda asiwahi kuona jambo hilo maishani mwake, na akakushangaa unapolalamika.

Kiambato ambacho ningekitetea mbele ya mtu yeyote ni yurea. Najua jina hilo linawafanya watu wakunje pua, wakifikiria mkojo. Tuondoe hilo. Yurea ya kwenye krimu inatengenezwa kiwandani. Friedrich Wöhler aliitengeneza kwa kemia tangu mwaka 1828. Na kama nilivyosema, ni sehemu ya akiba ya asili ya ngozi, kwa hiyo kwa mtu aliyezaliwa na upungufu ni kurudishiwa alichonyimwa. Uzuri wake ni kwamba kazi yake inabadilika kulingana na kiwango. Asilimia 5 hadi 10 inavuta na kushika maji. Ikipanda kufikia 20 na kuendelea inaanza kulegeza keratini, yaani inamumunya yale magamba na sugu zenyewe. Viwango vya 30 au 40 ni vya visigino vyenye magaga na kucha nene, havipakwi mwili mzima.

Kwenye muundi natumia ya asilimia 10. Siku za mwanzo unaona kitu cha ajabu: magamba hayadondoki, yanazidi kuwa laini tu mpaka siku moja unapitisha kiganja na hakuna kinachokwaruza. Ngozi ya chini yake inaonekana nyeusi zaidi na yenye kung'aa, kwa sababu ule upaukaji wa kijivu ulikuwa ni mwanga unaotawanyika kwenye kingo za magamba. Tahadhari ni moja kubwa. Yurea kwenye ngozi iliyochanika inachoma vibaya, dakika tano za kuruka ruka. Palipo na nyufa mbichi naanza na mafuta ya mgando kwa siku kadhaa mpaka pafunge, ndipo yurea inakaribishwa. Na kwa watoto wadogo hili ni la kumuuliza daktari kwanza.

Asidi ya laktiki iko ukoo huo huo: inashika maji na kulegeza seli zilizokufa. Kwenye viwiko na magoti inanisaidia. Inaifanya ngozi iwe rahisi kuunguzwa na jua, kwa hiyo sehemu za wazi naipaka usiku tu. Panthenoli nitaisema kwa sentensi moja: ngozi inaigeuza kuwa vitamini B5, inatuliza, haina ugomvi na mtu.

Vyote hivyo vinashika. Cha kuzuia ni kitu kingine, na hapa hakuna aliyefua dafu mbele ya mafuta ya mgando ya kawaida. Robert Chesebrough alipewa hataza yake nchini Marekani mwaka 1872, na tangu wakati huo vimekuja vitu vingi vizuri, lanolini (mafuta ya sufu ya kondoo), nta ya nyuki, dimethikoni (aina ya silikoni), lakini kwa kuzuia maji yasitoke hakuna kilichoyafikia. Vitabu vya tiba ya ngozi hutaja kwamba yanaweza kupunguza upotevu wa maji kwa takriban asilimia 98, wakati mafuta mengine mengi hayafiki hata theluthi ya hapo. Hayana manukato, ni nadra sana kumdhuru mtu, na hayachomi kwenye ufa. Kasoro yake ni uzito na mng'ao. Dawa ya kasoro hiyo ni kupaka kidogo: punje ya ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, unaisugua kati ya viganja mpaka ipotee, kisha unabonyeza juu ya krimu uliyokwisha paka. Watu wanaolalamika kwamba mafuta ya mgando hayaongezi unyevu wana haki. Hayaongezi hata tone. Yanafunga kilichopo, na yakipakwa kwenye ngozi iliyokwisha kauka yanafunga ukavu.

Kuna hatari moja ambayo haisemwi vya kutosha. Mafuta na krimu hizi zikizoea kuingia kwenye mashuka, soksi na nguo za kulalia, kitambaa hicho kikigusa moto kinashika haraka kuliko kawaida. Mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa tahadhari juu ya hilo mwaka 2018, ikieleza kuwa si za mgando peke yake bali hata krimu zisizo na mafuta hayo, na kwamba kufua hakumalizi mabaki yote. Mvuta sigara mwenye pumu ya ngozi alijue hili kabla ya mengine yote niliyoandika.

Mafuta ya mimea nayatumia kwa kuchagua. Ya alizeti nayapenda. Ya zeituni siyapaki tena ngozini, na sababu ni utafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield uliochapishwa mwaka 2013: watu wazima walipakwa mafuta ya zeituni mkono mmoja, na kizuizi cha ngozi pale kikadhoofika na kuwa na wekundu kidogo, ilhali ya alizeti hayakuleta madhara hayo na yaliongeza unyevu. Inaelezwa kwamba wingi wa asidi ya oleiki, mojawapo ya asidi za mafuta, kwenye ya zeituni ndio unaovuruga mpangilio wa yale mafuta ya kati ya seli. Ya nazi yapo katikati. Yananukia vizuri na yanalainisha. Tatizo ni kwamba mtu husikia neno asilia akadhani swali limekwisha.

Seramidi kwenye krimu zinafaa, hasa zikiwa pamoja na kolesteroli na asidi za mafuta, kwa sababu ndivyo zilivyo kwenye ngozi. Faida yake haionekani usiku mmoja. Niasinamidi, aina ya vitamini B3, ya asilimia kati ya 2 na 5 nayo husaidia ngozi kuzitengeneza yenyewe. Mimi nina krimu ya uso yenye vyote viwili, na kusema kweli siwezi kuapa ni kipi kati yao kinachofanya kazi.

Nimejifunza pia kusoma nyuma ya kopo badala ya mbele. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi, lakini vikishafika chini ya asilimia 1 mtengenezaji anaruhusiwa kuvipanga atakavyo. Kwa hiyo kitu chenye jina kubwa mbele ya kopo kinaweza kuwa nyuma kabisa karibu na manukato, maana yake kimetiwa kwa kunusisha. Glisarini ikiwa ya pili au ya tatu, naendelea kusoma. Manukato yakitajwa, au mentholi, au spiriti ikiwa juu juu kwenye orodha, narudisha rafuni. Ngozi iliyopasuka inaruhusu vitu kuingia ndani kuliko inavyopaswa, na mtu akishapata mzio wa manukato fulani hubaki nao.

Kuhusu kunywa maji, kwa kuwa ni lazima mtu aulize: nakunywa, kama kila mtu. Aliyeishiwa maji mwilini ngozi yake itaonyesha. Lakini mtu anayekunywa ya kutosha akiongeza glasi juu ya glasi, ziada inaishia chooni, haipandi kwenye muundi. Nimechoka kidogo kushauriwa hivyo na watu ambao ngozi zao hazijawahi kupasuka. Hewa ya chumba ina nguvu zaidi. Unyevu wa hewani ukishuka chini ya asilimia 30, jambo la kawaida penye kipasha joto au kiyoyozi kinachofanya kazi mchana kutwa, ngozi inaibiwa hata ukiwa umekaa kimya. Nyumbani nina kifaa kidogo cha kuongeza unyevu chumbani, nakisafisha mara kwa mara kisiote ukungu, na kazini nimehama kutoka kwenye kiti kilichoelekea kinywa cha kiyoyozi.

Kuna ukavu ambao si wa kutibiwa kwa krimu peke yake. Ukija ghafla kwa mtu ambaye hakuwa nao, au mwili mzima ukiwasha bila upele wowote, inabidi kupimwa, kwa sababu tezi dundumio (ile ya shingoni) iliyolegea, figo zenye matatizo na kisukari vyote huweza kujionyesha hivyo. Dawa za chunusi za jamii ya vitamini A hukausha midomo na ngozi mpaka mtu akahisi anamenyeka. Nyufa zikianza kutoa majimaji ya njano, kuuma au kuwa na joto, hapo ni maambukizi na si suala la glisarini. Na pumu ya ngozi ikilipuka, krimu ya unyevu ni msaidizi. Daktari akiandika dawa ya steroidi, itumike kama alivyoelekeza, na krimu iendelee pembeni.

Miguu yangu sasa inakaa vizuri kwa kiasi. Uso hauna malalamiko, nikikumbuka kwamba hautaki yurea ile ya mwili na kwamba mafuta ya mgando kuuzunguka mdomo wakati wa kulala yanatosha. Kinachonishinda bado ni mikono. Miguu unaipaka asubuhi ikabaki chini ya suruali. Mikono inanawa kila baada ya shughuli, na kila kunawa kunaondoka na kila kitu nilichopanga. Mwaka hadi mwaka ufa unafunguka pale pale, pembeni mwa ukucha wa kidole gumba cha kulia, mfupi kama punje ya mchele lakini una kina, kingo zake ngumu na nyeupe, ndani mwekundu. Ukiwapo huo kufunga kifungo cha shati ni mtihani, na uzi wowote uliolegea kwenye nguo unauona kabla yangu.

Nimepata namna ya kuupunguzia makali. Kila nikinawa naiacha mikono na unyevu kidogo na kupaka krimu nzito ya glisarini, ya bomba dogo linaloingia mfukoni, kwa sababu kopo kubwa likiwa mbali hutalifuata. Vyombo naviosha na glavu, na ndani yake nyingine nyembamba za pamba ili jasho lisikae. Glavu hizo si za mpira wa asili: mafuta ya mgando huuozesha mpira wa aina hiyo, unapasuka bila kukuambia. Usiku yurea kwenye viganja, mafuta ya mgando kwenye ufa, glavu za pamba, na kulala. Ufa ukiwa umefunguka sana, gundi ya ngozi inayouzwa kwa ajili ya majeraha madogo inaushikilia kingo kwa kingo ili upate nafasi ya kuziba. Wiki nikiwa mpole na mikono yangu, unaziba. Wiki ya kufua mashuka kwa mkono, unafunguka upya.